Nakimera na Kipande cha Kando ya Lami

Kwa Kiganda, neno la mke mwenza na neno la wivu yametoka kwenye shina moja. Nakimera aliyabeba yote mawili mchana kweupe, wala hakuona haya.

Mume wao Ssebowa alipofariki, wazee wa ukoo walimpa Nakimera, aliyekuwa mke mkubwa, nafasi ya kuchagua shamba kwanza. Akachukua bondeni, kwenye migomba na udongo mweusi. Kilichobaki kilikuwa kipande chembamba huko juu, kando ya barabara ya Masaka, ambayo enzi hizo ilikuwa vumbi tupu.

"Mwachieni Nalubwama," alisema. "Akapande vumbi."

Sisi majirani tulicheka sote. Nalubwama, mke mdogo, alipiga magoti akashukuru.

Kisha lami ikaja. Magari yakazidi mwaka hadi mwaka, malori ya kwenda Rwanda na mabasi usiku na mchana, na Nalubwama akapanda mchicha na nakati, mboga ya majani ya Kiganda, mpaka ukingoni kabisa mwa barabara. Wenye magari walishusha vioo na kumwita kwa jina. Akaezeka nyumba kwa mabati mapya. Siku ya mabati hayo Nakimera alijifungia ndani akisema kichwa kinamuuma.

"Ana dawa yule," alituambia kisimani. "Gari linatoka Kampala linapita masoko yote, lije lisimame kwake? Kwa uzuri gani?"

Mwisho akaenda kwa wazee kudai haki ya mke mkubwa: kikapu cha mboga kila wiki kutoka kipande cha juu. Mboga kwake zilimea tele, ila alitaka zile. Nalubwama hakubisha. Kila Jumamosi alishuka na kikapu kimejaa, na Nakimera akakipokea bila asante, akampikia mjukuu wake Nantongo, mtoto wa miaka minne aliyeambiwa zahanatini kwamba damu yake ni kidogo. Mchicha asubuhi, mchicha jioni.

Hapo ndipo alipofika binti mmoja wa chuo, Atuhaire, mtu wa magharibi mwa nchi, na koleo dogo na mifuko ya plastiki. Akachimba udongo wa Nalubwama sehemu nyingi, akang'oa na mboga kadhaa. Nakimera alimwona toka mbali, akapanda kilima mbio, vazi lake refu la gomesi amelikunja mkononi.

"Nnyabo, bibie, mbona unachukua wa kwake tu? Wangu una ukoma?"

"Mama, natafuta mashamba ya karibu na barabara."

"Basi ndiyo hivyo! Serikali ikitaka kutoa zawadi, inaishia barabarani. Twende bondeni, uchukue na wangu!"

Atuhaire akacheka, akashuka naye, akachukua. Wiki nzima Nakimera alitamba kwamba naye udongo wake umekwenda chuoni.

Majibu yalisomwa kwenye baraza ya kanisa. Udongo wa bondeni ulikuwa safi. Wa juu ulikuwa na madini ya risasi, yale yenye sumu, kupita kiasi, na madini mengine yatokayo kwenye matairi na breki. Risasi nyingine, alisema Atuhaire, ilimwagwa na moshi wa petroli ya zamani na haijaondoka mpaka leo.

Nakimera akapiga kigelegele. Nawaambia nilikuwapo: kigelegele cha harusi! Nalubwama aliinamisha kichwa.

"Tutaziosha," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi huosha mboga zangu vizuri."

"Kuosha kunatoa vumbi, mama," alisema Atuhaire. "Risasi iliyopandia kwenye mizizi haioshiki. Na inaumiza zaidi watoto wadogo."

Kigelegele cha Nakimera kikakatika. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Nantongo," alisema. "Nantongo wangu anakula hizo."

Akamgeukia mke mwenza. "Umenilishia mtoto sumu!"

"Dada, ulikidai kikapu mbele ya wazee. Na mimi nakula zizo hizo."

Hakuna aliyecheka. Kesho yake walikwenda hospitali kubwa pamoja, Nalubwama akiwa amempakata mtoto. Damu ilipopimwa, risasi ilionekana, ingawa haikuwa imefika pa kutisha. Daktari alisema waache mboga zile, wampe maziwa, mayai na maharage, wamrudishe kupimwa. Waliporudi baadaye, kiasi kilikuwa kimeshuka.

Habari ilienea barabarani, magari yakaacha kusimama. Ungedhani Nakimera angenenepa kwa furaha. Lakini Nalubwama aling'oa mboga zote, akapanda maua na miche ya miti ya kivuli, vitu visivyoliwa, na mwaka haukwisha magari yakaanza tena kusimama, safari hii yale makubwa ya matajiri wenye bustani.

"Hata sumu inamletea wateja!" Nakimera alilia mbele yangu, machozi ya kweli.

Siku tatu alishinda akilima bondeni. Ya nne alipanda kwa Nalubwama.

"Wateja wanakuulizia mboga?"

"Kila siku, dada."

"Nitalima mimi bondeni. Wewe uza. Lakini wajue ni zangu."

Wakakubaliana, na mpaka sasa ndivyo wanavyofanya. Mboga hupandishwa barabarani asubuhi zimefunikwa kitambaa chenye maji ili vumbi lisizifikie. Juzi nilimkuta Nakimera mwenyewe amekaa kwenye kibanda cha Nalubwama, mwenzake kaenda kliniki. Gari likasimama, mama mmoja akachungulia.

"Hizi ni zile mboga safi za Nalubwama?"

Nakimera alilivuta fungu upande wake.

"Nalubwama ni muuzaji," alisema. "Mwenye mboga ni mimi, Nakimera. Sema jina langu kwanza, ndipo nikufungie."

Yule mama akalisema. Akafungiwa fungu kubwa, akaongezewa na nakati za bure.