Mkono wa Scolastica

Mkono ule Scolastica hakufundishwa na mtu. Aliupata juu ya dungu la mama yake, shambani huko Katindiuka, alipokuwa binti wa kuamia ndege: donge la udongo mkononi, macho kwenye mpunga, na ole wake kwelea atakayetua. Kufika mwaka 1956 alikuwa mwanamke mzima, na mkono huohuo ulimpa riziki. Apolinari, mwenye duka mjini Ifakara, alikuwa na timu ya wanawake ya rede, na kila wakishinda aliwagawia chumvi, sabuni na kanga. Scolastica ndiye mrushaji. Aliyeingia katikati kuukwepa mpira wake hakudumu; wapo, walisema wenye utani, walioanguka kabla hajarusha.

Balaa ni kwamba fainali na wanawake wa Malinyi iliangukia Jumapili moja mpunga umeiva, na mama yake, Yosefina, macho yalikuwa yameingia ukungu.

“Nenda, mwanangu,” alisema. “Ndege nitawasikia.”

“Mama, hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima.”

“Kwani mimi sijawahi kuamia? Nenda, usichelewe.”

Akaenda, lakini roho haikutulia. Mshika mbili moja humponyoka, na hilo alilijua tangu anajifunga kanga kiunoni. Alirusha, akakosa. Akarusha tena, akakosa, watu wakaguna. Alipoinua mkono mara nyingine akaliona kundi zito la kwelea likipita juu ya uwanja, likielekea Katindiuka.

Mpira ukamponyoka. Apolinari alifoka, wenzake walimwita, yeye keshashika njia ya mashambani, miguu niponye. Timu ikafungwa, na Apolinari hakumwita tena kucheza.

Alichelewa. Nusu ya shamba masuke yalisimama wima, mepesi, hayana kitu. Juu ya dungu mama yake alikuwa akigonga debe kwa nguvu zake zote, ameelekea mtoni, na nyuma yake ndege wanakula. Scolastica akavurumisha madonge mpaka wakaruka wote. Safari hii hakukosa hata mara moja.

“Ni wewe, Scola?” mama aliita. “Nimewafukuza, hakuna aliyetua. Haya niambie, mmeshinda?”

Scolastica alilitazama shamba.

“Tumeshinda, mama.”

Yosefina akaweka debe chini, akapiga vigelegele.