Mgeni Lazima Aoge

Mwaka ule mvua zilipochelewa, kijiji chetu cha ujamaa, nje kidogo ya Sumbawanga, kilibakiwa na kisima kimoja bondeni. Kila nyumba ilipewa ndoo mbili kwa siku. Mama alibomoa bafu letu la matete akalijenga upya upande wa juu wa tuta lake la maboga, akachimba mfereji wa kuteremsha maji ya kuoga. Sabuni ilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo maji yalifika kwenye maboga bila povu.

Mimi ndiye niliyepandisha ndoo kichwani, na sikupenda mtu achezee maji yangu. Basi nilifurahi bwana shamba alipokuja kulala kwetu akakataa kuoga.

“Ukame wote huu, mama, msihangaike. Nitanawa uso tu.”

“Mgeni wangu halali na vumbi,” mama akasema.

Walibishana kwa heshima mpaka mikono ikaniuma kwa kushika ndoo. Mwishowe mama alimpeleka nyuma ya bafu, akamwonyesha maboga yaliyonyauka upande wa chini.

“Hawa wanangu ni wadogo, maji yao yanaishia katikati ya tuta. Wewe una mwili.”

Bwana shamba alicheka, akachukua ndoo. Jioni tulikula ugali wa ulezi na majani ya maboga, naye akaongeza mara mbili.

Wiki iliyofuata tulisikia kengele ya baiskeli. Alikuwa yeye, taulo shingoni. Alimsalimu mama, kisha akanigeukia.

“Lete ndoo, binti. Nimekuja kumwagilia.”