Puli Ndogo ya Mwalimu wa Kakuma

Juzi nilikuwa katika duka la vipuri hapa Lodwar nikitafuta mkanda wa feni, nikamkuta mwalimu mmoja kutoka Kakuma. Alikuwa amenunua gari kuukuu lililowahi kukimbia mashindano, na sasa alikuwa akiigeuzageuza mkononi puli ya krenki, gurudumu la kuzungusha mkanda wa injini, iliyokuwa ndogo kuliko ya kawaida.

“Nikifunga hii, gari itakimbia zaidi?” alimwuliza fundi.

“Kidogo. Injini itapata mzigo mwepesi. Lakini pampu ya maji itazunguka polepole, na kwa hii joto yetu, mwalimu, itachemka njiani.”

“Na ile kubwa iliyoko kwenye gari sasa?”

“Haitachemka. Lakini mwendo ni ule ule.”

Mwalimu aliigeuza tena ile puli ndogo. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba mke wake ni mjamzito, na mtoto wao wa kwanza alizaliwa na kufa njiani wakija hospitali hapa Lodwar. “Nilichelewa kidogo tu.”

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa imetakata. “Wacha ile kubwa ibaki. Mama mlete mapema, akae hapa Lodwar mpaka ajifungue.”

“Akae kwa nani?”

Fundi aligeukia rafu zake za vipuri. Mwalimu aliiweka puli juu ya kaunta, akatoka.

Kila wiki naandika hapa gazetini kwamba serikali haiwajali watu wa barabara ile ya Kakuma. Nyumbani kwangu kuna chumba kisicholala mtu, na siku hiyo sikufungua mdomo. Nilipomkimbilia nje, alikuwa ameshaondoka.