Ndugu Niliowaficha Migombani

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki wote wawili. Mimi, mkubwa wa watoto sita, nilikuwa nimeachia shule darasa la tano ili wenzangu wapate kula. Karani wa sensa alipoingia uani na begi lake, wadogo zangu watano nilikuwa nimeshawapeleka migombani, wamelala kifudifudi.

"Mko wangapi hapa?"

"Niko peke yangu."

Akatazama sahani sita zilizoanikwa kichanjani. "Zote hizi unalia chakula wewe peke yako?"

"Nina njaa sana, bwana."

Akacheka, akaandika moja.

Usinicheke na wewe. Baba alivuka mpaka kutoka Burundi amembeba mdogo wake mgongoni, na mpaka anakufa alituambia kwamba wanaoandikwa majina ndio wanaorudishwa. Wala hatukuwa sisi tu. Nusu ya kijiji ilikuwa migombani siku ile, watoto wakisukumana viwiko kama wako gulioni. Tukajiona wajanja!

Baadaye mtendaji akasoma mkutanoni kwamba barabara ya kutoka Nyakanazi itapitishwa kijiji cha jirani, kwa kuwa chetu kina watu wachache. Wachache! Uwanja ulikuwa umejaa hadi wengine wamesimama ndani ya shamba la mihogo la watu, na hakuna aliyefungua mdomo. Angesema nini?

Miaka michache ikapita. Leonia, mdogo wangu anayenifuata, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Gari halikuweza kufika kwetu. Tukamlaza kwenye ngobyi, ile machela yetu ya kusuka, wanaume wanne wakabeba, wanne wakifuata kusubiri zamu. Mvua ilikuwa imenyesha, matope mpaka magotini. Tuliondoka jua likichomoza, tukafika barabara kuu alasiri. Leonia alipona. Mtoto hakupona.

Tuliporudi, nilimfuata mzee Gervasi, jirani yetu, aliyekuwa ameshika mti wa mbele karibu njia nzima. Nikamwambia asante. Hakuipokea.

"Skola, ulimwambia karani uko peke yako."

"Ndiyo, baba."

"Basi yule tuliyembeba kutwa nzima ni nani?"

Mzee akasugua bega lake lililovimba. "Na mimi nilimficha mke wangu na watoto wanane," akasema. "Tumejifuta wenyewe, mwanangu."

Sensa iliyofuata nilisimama mlangoni na ndugu zangu wote, nikataja majina mpaka karani akaniomba nipunguze kasi. Barabara ilikuja, kwa kuchelewa, ndiyo hiyo unayopandia basi.

Sasa juzi mwenyekiti wa kitongoji amepita kuandikisha kaya, na wewe, uliyefika kidato cha nne, umemwambia mko wawili, watoto umewafungia stoo! Nichoke mara ngapi? Eti mtaitwa wageni. Wewe umezaliwa hapa, mimi mama yako nimezaliwa hapa, na watoto hao wana vyeti vya kuzaliwa vya hapa hapa Biharamulo. Daraja tunaloliomba, maana masika basi huishia ng'ambo ya mto, linaombwa kwa orodha hiyo hiyo uliyoipunguza. Na mkeo ana mimba.

Nasema wazi, ili usije ukadai hukuelewa. Usimfiche mtu wako wakati wa kuhesabiwa, kisha ukategemea aonekane siku anaumwa. Ukiogopa, uliza ofisini, au njoo kwangu niende nawe. Lakini usipunguze watu. Vaa viatu sasa hivi, nenda kwa mwenyekiti, mwambie ulikosea, umtajie kila jina, hata la yule anayenyonya.

Mungu akupe nyumba iliyojaa, mwanangu, na kila aliyemo ajulikane kwa jina lake.