Wako Mtiifu

Harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyochacha hunirudisha Rhotia, darasa la saba, msimu ambao mahindi yalikuwa yakikauka shambani na magari ya watalii yakipita kwenye lami kwenda Ngorongoro bila kupunguza mwendo. Mwalimu Paskali, wa Kiswahili, alituagiza kila mmoja ajiandikie barua ya kusoma ukubwani. Kwa kuwa alikuwa ametoka kutufundisha barua rasmi, na hakuna aliyethubutu kuuliza, tulifanya tulivyokaririshwa: anwani mbili, YAH iliyopigiwa mstari, na mwisho “wako mtiifu”. Barua rasmi huomba, basi nasi tukajiomba. Mwalimu aliinama kwenye karatasi ya Bura, jirani yangu wa dawati, akacheka hadi akashika ukuta.

“Wewe Bura, unajiomba ruhusa ya kukosa shule?”

“Ndiyo, mwalimu. Si mkubwa ndiye mwenye ruhusa?”

Barua zote zilitiwa kwenye ndoo ya mafuta kutoka bucha ya kitimoto, nyama ya nguruwe, ambayo mwalimu aliapa kuwa imeoshwa, zikafunikwa na kupandishwa darini.

Mwaka huu mwalimu amestaafu na ndoo imeshushwa. Bura, ambaye sasa ni dereva wa bodaboda, aliniletea yangu nyumbani. “Shika barua yako, msomi. Nimeifunga mifuko miwili na bado abiria ameshuka njiani kwa harufu!” Karatasi ilikuwa imelainika kama ngozi iliyochemshwa, ikaninata vidoleni. Nilinawa, nikanusa, nikanawa tena, nikiwaza huenda harufu ni yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimemwandikia Meneja Mkuu wa hoteli ya kitalii, yaani mimi. Yah: kumwombea mama kazi. “Naomba kwa unyenyekevu umpe mama kazi ya kukaa, kwa sababu mgongo unamuuma akichuma kahawa ya watu.” Hapo kinyaa cha mafuta kikawa kitu kidogo. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi tulikunjwa tukakunjika: mtoto anapiga magoti hata mbele ya nafsi yake. Nina shahada sasa, na kila wiki natuma maneno yale yale kwa mameneja wasiojibu, nikiwalaani kimoyomoyo kwa ukimya wao. Kumbe na mimi nina mwombaji wangu, mwenye herufi nzuri kuliko zangu za leo, niliyemnyamazia miaka yote hii.

Jioni mama aliingia kutoka kwenye kahawa, ameshika kiuno, akaziba pua kwa ncha ya khanga.

“Nini kimeoza humu, baba?”

“Barua ya kazi, mama.”

Akasahau kuziba pua. “Wamejibu?”

“Bado,” nikasema, nikiifunika kwa kiganja. “Meneja hajapata la kusema.”