Walivyomnunua Rati Wetu

Gari lilizima katikati ya lagha. Halikukohoa wala kutetemeka. Lilizima tu kama taa, na mbele ya usukani kikawaka kioo kidogo chenye maandishi mekundu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, maandishi yale yakanishinda. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, ndiye aliyekuwa akiendesha, na gari lilikuwa lake, jipya, hata plastiki ya viti hajaibandua. Akayasoma.

"Linasema limejizima lenyewe ili kulinda injini."

"Na sisi tunalindwa na nani?"

Alikuwa anabonyeza kila kitu kinachobonyezeka.

Lagha, kwa asiyeijua, ni mto wa mchanga. Mwaka mzima mbuzi hupita humo wakitafuta vivuli. Halafu mvua inanyesha mbali huko juu, wewe huioni, kwako jua linawaka, na maji yanakuja. Tulikuwa tunatoka Balambala na mbuzi wa shemeji nyuma, tunawapeleka soko la mifugo Garissa. Tulipoingia, maji yalikuwa chini ya goti. Hayo si maji ya kumtisha dereva. Lakini lilipozima, maji yakaendelea kupanda, na madirisha yalikuwa ya kushushwa kwa stima, na stima ya gari nayo imekufa. Milango ikasukumwa na maji ikakataa. Nilipiga kioo kwa kisigino hadi kikaachia, nikatoka, nikamvuta shemeji kwa kola. Gari likalala upande, likamgonga, mtulinga wake ukavunjika. Nikaufungua mlango wa nyuma ili mbuzi wajitafutie riziki zao. Wengine waliogelea. Wengine walikwenda na maji, na mmoja wao alikuwa jike mwenye mimba. Tukakaa juu ya ubavu wa gari, mimi nimemshika shemeji, naye anatoa shahada kama mtu aliyekwisha kata tamaa.

Nimeanza na hayo ili mtu asidhani nina hasira za bure. Kwa kawaida mimi ni mtu aliyeridhika. Nina mke, nina watoto, nina Rati.

Rati kwa Kisomali ni ngamia dume wa mizigo, yule anayebeba nyumba nzima mkihama, fito, mikeka, vibuyu na mtoto mchanga juu yake. Jina hilo tulilipa gari. Lilitengenezwa na kiwanda kidogo sana huko ng'ambo, watu wachache, na ukilifungua unaona kabisa lilifungwa na mikono ya watu wanaojuana. Hakuna aliyelitangaza huku kwetu. Mashirika ya misaada yaliyaleta magari hayo kambi ya wakimbizi ya Hagadera, yakayatumia, yakayachoka, yakayauza kwa mnada. Sisi tukayachukua kama mtu anavyookota mtoto wa ngamia aliyeachwa na mama yake.

Wangu ana umri wa binti yangu mkubwa. Dirisha lake unalishusha kwa mkono. Bomba lake la hewa limepanda hadi juu ya paa, kwa hiyo akivuka maji ni kama ngamia aliyeinua shingo, anapumua huku anatembea. Mzamishe hadi kifuani, ataguna tu. Akiharibika Wajir, unamtengeneza Wajir, chini ya mti, na spana mbili na subira.

Sisi wenye Rati tuna kibanda chetu cha chai nyuma ya soko la mifugo. Baada ya sala ya alasiri tunaketi pale, magari yamepangwa mstari, na wenye pikapu za Kijapani wakipita hawawezi kunyamaza.

"Warya, wewe! Hiyo ni gari ama ni choo ya mabati?"

"Choo hii ndiyo ilikuvuta kwa matope juzi, ukiita mama yako."

"Nilikuwa naita Mungu!"

"Ulianza na mama."

Ndiyo maisha yetu. Chai ya maziwa ya ngamia, kicheko, na mtu mmoja siku zote yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, lakini naye anachangia mazungumzo.

Habari ilikuja kwa simu. Tuna kikundi cha wenye Rati, Garissa, Wajir na Mandera. Mtu alituma picha: wanaume wawili wenye suti wanashikana mikono, nyuma yao Rati mpya amewekewa utepe kama zawadi. Kampuni kubwa ya magari, ile ambayo magari yake yamejaa Nairobi kama kunguru, imekinunua kiwanda chetu kidogo.

Wa kwanza kusema alikuwa Hajji wa Wajir, dereva mzee kuliko sisi wote. Hakuandika, alituma sauti. "Inna lillahi. Wamemuuza akiwa mzima. Mtu huuza rati mzee. Rati mwenye nguvu, wallahi, huwezi kumuuza ila una deni au una wazimu."

Mfanyabiashara mmoja wa Mandera akamjibu: "Hajji, wacha kilio. Tajiri amechukua, sasa springi tutapata Nairobi, hatutangoja meli miezi."

"Tajiri ana ngamia elfu. Akinunua mmoja wako, anataka maziwa ama anataka nyama?"

Pale kibandani tulibishana hadi mama wa chai akatishia kufunga. Mwalimu wa madrasa, naye ana Rati wa kijani, akasema hii si biashara, hii ni ndoa. Binti wa watu maskini ameolewa na ukoo mkubwa, tumuombee heri.

"Kama ni ndoa," akauliza yule aliyekuwa chini ya gari, "mbona mahari hatujaona?"

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi nimemlea! Mimi ndiye nimempaka grisi miaka yote hii!"

"Basi wewe ni yaya. Yaya hapewi mahari."

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Lakini nilitazama nyuso, na kila mmoja baada ya kucheka aligeuka kidogo kuangalia gari lake.

Halafu akaja wakala. Kijana mstaarabu kutoka Nairobi, shati jeupe, viatu visivyojua vumbi. Alisimamisha hema karibu na soko, akapika pilau, akaweka kreti mbili za soda, na katikati akaliweka gari jipya, Rati wa kampuni kubwa, jeupe, linang'aa. Tulikwenda wote. Hajji alipanda basi kutoka Wajir kwa ajili hiyo tu.

Alama ya zamani ilikuwa bado ipo, ubavuni, ndogo kama ukucha. Mbele kulikuwa na alama ya kampuni kubwa, pana kama sahani. Kwetu ukinunua ngamia, alama ya moto ya mwenyewe wa kwanza haifutwi. Unaweza kuongeza yako, lakini ya kwanza inabaki ilipo, ili popote aendapo ajulikane alitoka kwa nani. Hajji alilizunguka lile gari kama anavyozunguka mnyama sokoni, akaomba lifunguliwe mbele. Ndani akakuta kifuniko cheusi cha plastiki, injini haionekani.

"Meno yamefunikwa," akasema, maana umri wa ngamia husomwa menoni.

Wakala alicheka. "Wazee wangu, hakuna kilichobadilika. Gari ni lile lile. Aliyebadilika ni mwenye mali tu. Mimi nawahakikishia."

"Unahakikisha wewe?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

Hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine hawezi kulifanya. Katika soko letu mgeni hamuuzii mgeni. Katikati husimama dalali anayejulikana. Bei hawaitaji kwa mdomo, wanashikana vidole chini ya shali, kidole hiki maana yake hii, kile maana yake ile, wengine wasisikie. Na dalali akishaingiza mkono chini ya shali akasema mnyama ni mzima, basi huyo mnyama yuko shingoni mwake. Akitokea kuwa wa wizi, au ana ugonjwa uliofichwa, hatafutwi muuzaji. Anatafutwa dalali. Akikimbia, wanatafutwa watu wake.

Hajji akaitoa shali yake begani, akaufunika mkono wake, akaunyoosha. Wakala akatazama, akatabasamu, akaingiza mkono wake. Wakashikana vidole. Watu wakapiga picha.

"Ni mzima?" akauliza Hajji.

"Ni mzima, mzee!"

Yeye alidhani ni mchezo wa kumkaribisha mgeni. Sisi tulijua ametoa dhamana. Shemeji yangu alikuwa amesimama kando yangu, akaninong'oneza, "Umeona? Ameingiza mkono." Mwezi haukuisha akawa amenunua gari kama lile, ndilo hilo la laghani, na si yeye peke yake. Balambala kuna mwalimu amelichukua, na kuna mtu mwingine hutumia lake kuwabeba kina mama wajawazito hadi hospitali Garissa.

Sasa nirudi laghani. Wachungaji wa ng'ambo ya pili walituona, mmoja akapiga simu nyumbani kwangu, ambako si mbali na hapo. Aliyepokea ni binti yangu, naye hakuita mtu, alichukua ufunguo. Nilimsikia Rati kabla sijamwona, maana Rati akija hajifichi. Binti akashuka ukingoni, akaingia majini taratibu na gia ya kwanza, maji yakapanda kwenye magurudumu, yakapanda kwenye taa, na lile bomba juu ya paa likaendelea kupumua. Akasimama karibu yetu, akatoa kichwa dirishani.

"Aabo, shika mnyororo. Na usianze kunifundisha kuendesha."

Sikumfundisha. Nilimpandisha shemeji kwanza, nikafunga mnyororo, Rati akaguna, akavuta. Gari jipya likatoka likikokotwa kwa ubavu, maji yakimwagika kila tundu. Wachungaji ukingoni, ambao dakika chache kabla walikuwa wanatuombea dua, wakaanza kupiga mbinja.

"Nyanya anamvuta bibi arusi!"

Hata shemeji, na mfupa umevunjika, alicheka akalia palepale.

Siku shemeji alipotoka hospitali tulikaa kibandani, Hajji akiwa kwenye simu kutoka Wajir, tukampigia wakala, sauti ikiwa wazi wote wasikie. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Alitupa pole. Kisha akasema mwongozo wa gari umeeleza kina cha maji, na injini imewekewa kinga mpya ya kujizima maji yakiingia, ni maendeleo.

"Lakini wewe ulisema ni mzima," akasema Hajji.

"Mzee, nilimaanisha gari ni zuri."

"Uliingiza mkono."

"Ile ilikuwa salamu, mzee."

Hakuna aliyecheka. Mama wa chai aliacha kumimina. Kwenye simu tulimsikia Hajji akivuta pumzi. "Salamu," akasema. "Basi waliokuzaa hawakukufundisha salamu." Akakata.

Yule wa Mandera bado anatuambia tungoje, kampuni kubwa itasikia, springi zimeanza kufika. Ni kweli zimefika, nami nimefunga mbili kwa Rati wangu, sikatai. Wengine wameapa hawatagusa kitu cha tajiri. Kikundi kimegawanyika, halafu jioni tunakutana palepale, chai ile ile, na matusi ni ya mapenzi. Mtulinga wa shemeji umeunga. Binti yangu sasa ufunguo anakaa nao yeye, mimi naomba. Nikikaa pale alasiri, upepo ukitoka upande wa mto, Rati wangu mbele yangu na vumbi lake, sioni mtu wa kumwonea wivu.

Lakini gari la shemeji limerudi barabarani, maana hana jingine. La mwalimu wa Balambala lipo. La wale kina mama lipo. Na mawingu yameanza kujikusanya upande wa milimani.

Kwa hiyo nawataja. Ninyi wa kiwanda kidogo, mliomtoa Rati bila kumuuliza mtu hata mmoja anayemtegemea kuvuka, mnalo fungu lenu la lawama. Wewe wakala unalo lako, na unajua kwetu ni kubwa kiasi gani. Ila fungu kubwa ni la kampuni iliyonunua. Ndani ya kampuni hiyo yupo mtu, ana meza na ana kiti, aliyekaa akawaza: maji yakiingia, kipi kiokolewe, injini au waliomo? Akachagua injini. Wenzake wakaona ni vizuri, wakapitisha.

Sitaki fidia na sitaki pole. Mtu huyo namtaka hapa Garissa kabla mvua hazijaanza. Tutamtandikia mkeka, tutampa chai, hakuna atakayemgusa. Aketi mbele ya shemeji yangu, na mbele ya wale kina mama wenye matumbo yao, atuambie kwa mdomo wake: nani alimpa ruhusa ya kuchagua vile, na atalitoa lini hilo jambo ndani ya magari yetu?