Tangazo Lisilofika Kiwanja

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kusoma vifo. Kila siku saa kumi na mbili jioni, katika televisheni moja ndogo ya hapa Goma, nilikaa mbele ya pazia la zambarau nikasoma komunike: fulani ametutoka, matanga yako Mapendo, nyuma ya kanisa, ndugu walioko Kiwanja, Butembo na Bukavu wajulishwe. Hatukuwa na kipindi kilichotazamwa kama hicho. Watu waliacha chakula mezani waje waone kama kuna wa kwao. Watoto wa Keshero, ninakokaa, waliponiona njiani waliniita Mama ya Matanga, nami nilicheka nao huku moyoni nikiwachukia. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu. Nilitaka kuitwa mwandishi wa habari.

Basi mkurugenzi alipotukusanya kutuambia kwamba chaneli inabadilisha jina na kuhamia kwenye simu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jina la zamani lilikuwa refu, lina milima na ziwa ndani yake. Jipya lilikuwa fupi, hata mgeni angelitamka. Ukuta wa nje ukapakwa rangi ya machungwa, pazia la zambarau likatupwa, nikashonewa koti na kuletewa kiti kinachozunguka. Tungeonekana moja kwa moja kwenye intaneti, Ulaya kama Goma. Antena ya mjini ingebaki miezi michache kwa ajili ya wazee. Lakini mtambo wa Kiwanja, uliokuwa ukichukua picha zetu na kuzirusha mpaka mashambani kule, ulizimwa wiki moja kabla ya sherehe ya jina jipya, kwa sababu jenereta yake ilikunywa mafuta mengi. Mkurugenzi alitukataza kulisema hilo.

"Batu tusibaambie tunafunga," alisema. "Tubaambie tunafungua."

Nililiona neno la akili sana. Nililirudia hata nyumbani.

Siku ya tatu baada ya sherehe alikuja mama mmoja wa mtaa wa Mapendo, macho mekundu, kitenge kimefungwa ovyo kiunoni. Mama yake mzazi alikuwa amefariki. Alikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa wake, mkulima wa maharage upande wa Kiwanja, na alitaka apate habari haraka. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kwenye kaburi la mzazi. Akitia mwingine na yeye yuko hai, inahesabiwa kwamba amemkana mama yake. Alinieleza hayo yote akiwa amesimama, kwa maana kiti nilisahau kumpa.

"Simu yake ilianguka mu maji, haipite," aliniambia. "Lakini anaangaliaka komunike yenu kila mangaribi, pa butike ya jirani. Akiona tu, anakuja. Tutamungoja siku mbili." Halafu akaniangalia vizuri. "Ao nitume motari na pikipiki yake amufatilie? Maana nasikia mambo yenu yamebadilika."

Swali lilikuwa wazi, na jibu nilikuwa nalo. Ilikuwa kumwambia tu: Mama, hatufiki Kiwanja tena, tuma motari. Lakini nilikuwa ndani ya koti jipya, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniletea komunike tangu tubadilishe jina, na nikaona haya kumwambia kwamba kwa mbwembwe zote zile tumekuwa wadogo kuliko mwezi uliopita. Naam, haya. Haya ya kijinga, ya kumwonea haya mtu anayelia.

"Usisumbuke bure, mama," nikamwambia. "Sasa tunaonekana fasi yote. Hata Ulaya."

Alishukuru, akatoka. Jioni ile nilisoma vizuri kuliko siku zote. Watu wa Brussels waliandika pole chini ya picha yangu, wakaweka na viganja vya kuomba, nikafurahi. Kuhusu Kiwanja nilijiambia kwamba hakosekani kijana mwenye simu atakayeona na kumpelekea kaka yule habari. Huo ulikuwa uongo wa kujibembeleza. Kutazama kunataka mega za intaneti, na hakuna mtu kule anayechoma mega zake ili asikilize vifo. Hilo nililijua hata wakati najiambia.

Walimngoja siku mbili kama walivyosema, kisha wakazika. Mimi nilikuwa na vifo vingine vya kusoma.

Baada ya wiki mbili hivi, mlinzi aliniita kwamba kuna muzee ananitafuta. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa benchi la mapokezi, kofia mapajani, viatu vyake bado vina udongo wa shamba.

"Ni weye mama wa komunike?"

"Ni mimi, papa."

Alinieleza taratibu. Habari ya kifo ilimfikia siku ya tano, kwa mdomo wa dereva wa lori. Alipofika Mapendo, dada yake alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. "Anasema niliona, nikakaa. Anasema televizyo ilimuhakikishia kwamba inafika. Lakini ile televizyo ya butike haioneshe kitu, mama, ni siku nyingi. Tulifikiri imekufa." Alikuja kuniomba kitu kimoja: karatasi inayosema kwamba komunike haikufika Kiwanja, yenye kashe. "Dada yangu anaamini kashe," alisema.

Hapa kwetu sote tunaamini kashe. Neno lisilopigwa muhuri ni upepo tu, hata aliyelisema awe padri. Nikapanda kwa mkurugenzi.

"Nitie sahihi kwamba hatuonekani?" aliniuliza bila kuinua macho kwenye simu. "Na benye biashara, benye kutuletea piblisite, bakiisoma?"

Nilikuwa na njia nyingine, fupi na ya bure. Ningetoka na muzee yule, tukaenda Mapendo, nikasema mbele ya dada yake nilichokijua. Lakini uso umeumbwa na haya, na karatasi haina uso. Nikashuka mezani kwangu, nikafungua droo ya chini ambako vitu vya zamani vilikuwa vikisubiri kutupwa, nikatoa kashe ya jina letu la zamani. Niliandika kwa Kifaransa kizuri kwamba tangazo halikupokelewa Kiwanja kwa sababu za kiufundi. Nikatia sahihi ambayo hata mimi mwenyewe siwezi kuisoma, nikagonga kashe. Kwa jina lile hakuna mtu wa kuulizwa, si mkurugenzi, si mimi. Nilijiona mjanja.

Muzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliikunja, akaitia ndani ya sashe ya plastiki isilowe, akaniambia Mungu anilinde. Nikamwitikia amina.

Haikupita wiki, akanipigia. Alikuwa amenunua simu nyingine na namba yangu alipewa na mlinzi.

"Mama, ile kashe ni ya chaneli yenye imeisha," alisema. "Mutoto wa dada yangu aliichunguza, akasema nimeitengenezesha pa soko. Dada yangu alinirudishia karatasi pa dirisha. Namupigia, hashike." Akashusha sauti. "Sasa banasema nilikataa mama, na tena nafoji makaratasi. Unaweza kunipatia ingine, yenye kashe mupya? Kama haikusumbue."

Hakuwa na hasira hata chembe. Alidhani nimekosea droo. Angenitukana ningepumua, ningejitetea, ningesema kazi ni nyingi. Lakini aliniomba radhi kwa kunisumbua, nikabaki na simu mkononi, nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilikuwa nimemwibia mtu mazishi ya mama yake, halafu nikampa karatasi ya kumfanya mwongo.

Kesho yake asubuhi nikaenda Mapendo bila koti.

Nilimkuta mama yule uani, anachambua maharage kwenye ungo. Alinitambua mara moja, akasimama, akanipa kiti. Mimi sikumpa kiti alipokuja kwangu. Nilikaa, nikasema yote kabla ujasiri haujaisha: kwamba mtambo wa Kiwanja ulikuwa umezimwa, kwamba kaka yake hakuona chochote, kwamba karatasi ni ya kwangu na kashe niliigonga mimi.

"Ile siku uliniuliza," nikasema. "Nilikuwa najua, mama. Ulipouliza nilikuwa najua."

Nilitazamia anifukuze. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, akiyaweka pembeni moja moja.

"Ile siku," akasema mwishowe, "motari alikuwa inje ya mulango wenu. Nilikuja naye. Alikuwa ananingojea na pikipiki inawaka. Nikatoka, nikamuambia arudie zake, mama wa televizyo amesema haina haja."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga mbele ya mtu aliyekuwa na kiu.

"Bwana wa mutoto wangu ndiye aliweka udongo," akaendelea. "Mutu wa inje. Na mimi nikasimama pale kaburini, nikalaani kaka yangu. Kwa sauti. Batu bote balisikia."

Ndipo mikono yake ilipotulia. Alifuta vumbi la maharage kwenye kitenge, akatoa simu, akatafuta namba kwa muda mrefu. Nilidhani anataka kuniitia watoto wake waje wanisikie. Akabonyeza, akanipa mimi.

"Muambie weye," alisema. "Mimi nitaanzia wapi?"

Iliita mara moja tu, ikapokewa.

"Dada?" alisema muzee kabla sijafungua mdomo. "Dada yangu, ni weye?"

Tangu mazishi namba ya dada yake haikuwahi kumpigia. Nilisikia anavyohema kule Kiwanja, akingoja. Dada yake alikuwa ameinama juu ya ungo, hanitazami, na ikabidi mimi ndiye nimwambie kwamba si yeye.